Jinsi ya Kuandaa Picha kwa Tovuti ya Shule

Utangulizi

Zamani mwalimu aliyetaka kuwaonyesha wazazi kazi za wanafunzi wake alizitundika ukutani, na mzazi alifunga safari kwenda shuleni kuzitazama. Siku hizi shule nyingi na vyuo vingi vina kurasa katika mtandao, na aghalabu mwalimu kijana ndiye anayekabidhiwa kazi hiyo. Huambiwa, “Piga picha, kisha uziweke kwenye tovuti.” Kazi hii huonekana nyepesi. Lakini kati ya kuipiga picha na kuiweka mtandaoni ipo kazi ya tatu ambayo wengi wetu huiruka, nayo ni kuiandaa.

Sisi wenyewe tulilifahamu jambo hili kwa kukosea. Baada ya mazoezi ya kufundisha, wanachuo wetu walirudi na picha nyingi walizozipiga kwa simu zao madarasani. Tulichagua picha kumi na mbili, tukaziweka katika ukurasa wa chuo kama zilivyotoka kwenye simu. Haukupita muda tukapata malalamiko mawili. La kwanza lilitoka kwa mwalimu mkuu wa shule mojawapo iliyowapokea wanachuo hao. Aliwakusanya walimu wenzake ofisini ili waione shule yao. Ukurasa ukafunguka kidogo kidogo, na kifurushi chake cha intaneti kikaisha kabla ya picha ya tano kuonekana. Alitueleza kwa upole, lakini tulijua kwamba fedha iliyopotea ilikuwa yake.

La pili lilitoka kwa mama wa mtoto wa Darasa la Pili. Mtoto huyo alionekana katika picha moja akiwa ameinamia daftari lake, shati limechanika begani, na jina lake limeandikwa wazi juu ya jalada. Mama yule alifika chuoni mwenyewe. Hakugomba. Alisema, “Walimu wangu, mngenipa habari kwamba mtampiga picha, shati lile ningelishona jana yake.” Tuliiondoa picha siku ile ile, lakini ilikuwa imekwisha kuingia katika simu za watu wengine, na maji yakimwagika hayazoleki.

Makosa hayo mawili yalikuwa na shina moja. Hatukujiuliza ni nani atakayeipokea picha, wala hatukujiuliza ni nani aliyemo ndani yake. Katika makala haya tunakusudia kumwonyesha mwalimu mwanafunzi kwamba kuandaa picha si ufundi wa mashine peke yake; ni njia ya kuwaheshimu watu wawili, yule anayeitazama na yule anayetazamwa. Tutaeleza kwanza picha ya kidijitali ni kitu gani, kisha hatua za kuiandaa, na mwisho jinsi ya kulifundisha somo hili kwa watoto hata pale ambapo shule haina kompyuta.

Picha ya kidijitali ni kitu gani

Mwalimu hawezi kulifundisha jambo asilolielewa, basi tuanze na asili yake. Mwaka 1957, Russell Kirsch na wenzake katika Ofisi ya Taifa ya Viwango ya Marekani walitengeneza chombo cha kuisoma picha na kuiingiza ndani ya kompyuta. Picha waliyoisoma ilikuwa ya mtoto mchanga wa Kirsch mwenyewe, aliyekuwa na umri wa miezi mitatu. Upana wake ulikuwa sentimita 5 tu, nayo iligawanywa katika visehemu 176 kwenda upande na visehemu 176 kwenda chini, yaani jumla yake 30,976. Kila kisehemu cha namna hiyo huitwa pikseli.

Msomaji aliyewahi kutazama mkeka wa rangi atalielewa jambo hili upesi. Ukiutazama mkeka kwa mbali unaona maua na misalaba. Ukiusogelea unaona miraba midogo ya ukindu, kila mmoja ukiwa na rangi yake. Ua halimo katika mraba wowote. Limo katika mpangilio wa miraba yote. Picha ya kidijitali ni hivyo hivyo, ila kompyuta haihifadhi rangi bali huhifadhi namba. Kwa kawaida kila pikseli hupewa namba tatu, moja ya wekundu, moja ya ukijani na moja ya ubuluu, na kila namba huwa kati ya 0 na 255. Kila namba huchukua baiti moja. Kwa hiyo pikseli moja huchukua baiti tatu.

Sasa tufanye hesabu. Simu nyingi za siku hizi hupiga picha yenye pikseli 4,000 kwa upana na 3,000 kwa kimo. Tukizidisha tunapata pikseli 12,000,000, na tukizidisha tena kwa tatu tunapata baiti 36,000,000, yaani megabaiti 36 kwa picha moja. Simu huibana picha hiyo kabla ya kuihifadhi, hata faili likawa na megabaiti 3 hadi 5 hivi. Lakini hata huo ni mzigo mzito. Kioo cha simu nyingi anazotumia mzazi kina upana wa pikseli 720 au 1,080. Ukimpelekea picha yenye upana wa pikseli 4,000, simu yake itazipokea zote, itazilipia zote, kisha itazipunguza yenyewe ili zienee katika kioo. Mzazi amelipia gunia zima ili apate kibaba.

Turudi kwenye zile picha zetu kumi na mbili. Kila moja ilikuwa na megabaiti 4 hivi, kwa hiyo ukurasa mzima ulikuwa na megabaiti 48. Tuseme mtandao wa kijijini unapitisha biti milioni moja kwa kila sekunde. Kwa kuwa baiti moja ina biti nane, megabaiti 48 ni sawa na biti milioni 384; zitachukua sekunde 384, ambazo ni dakika 6 na sekunde 24. Picha hizo hizo tulipoziandaa vizuri zilikuwa na kilobaiti 150 kila moja, jumla yake megabaiti 1.8. Muda wake ni sekunde 14 hivi. Macho ya mtazamaji hayakuona tofauti, ila mfuko wake uliona. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba ndiyo pia inayokimaliza kifurushi.

Hatua za kuandaa picha

Hatua zifuatazo zinaweza kufanyika kwa kompyuta au kwa simu. Chuoni kwetu tunatumia GIMP, programu ya bure ambayo imekuwapo tangu mwaka 1996. Lakini programu nyingine yoyote ya kuhariri picha itafaa, mradi mwalimu azifuate hatua kwa utaratibu.

Hatua ya kwanza ni idhini na uchaguzi. Kabla ya kuifungua programu, hakikisha kwamba wazazi wa watoto wanaoonekana wamekubali. Kisha chagua picha chache. Picha tatu zinazoonyesha jinsi watoto walivyojifunza zina faida kuliko picha ishirini zinazoonyesha watoto waliopangwa mstari wakimtazama mpiga picha.

Hatua ya pili ni kuihifadhi picha asilia. Nakili faili na ufanye kazi katika ile nakala. Picha asilia iwekwe mahali pake isiguswe, kama vile mshonaji asivyokikata kitambaa kabla hajapima. Tahadhari hapa: usitumie kama picha asilia ile iliyotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, maana imekwisha kupunguzwa na kubanwa njiani.

Hatua ya tatu ni kuinyoosha na kuikata. Kama upeo au ukuta umeinama, unyooshe. Kisha kata sehemu zisizosaidia maana: dari, mlango, bega la mtu aliyepita. Katika kukata, mwalimu ajiulize swali moja, “Picha hii inafundisha nini?” Kama ni picha ya watoto wanaopima urefu wa meza kwa rula, basi mikono, rula na meza ndivyo vitu vya lazima. Mara nyingi utaona kwamba ukikata vizuri, nyuso za watoto hazihitajiki kabisa.

Hatua ya nne ni kupunguza vipimo. Kwa ukurasa wa kawaida, upande mrefu wa picha uwe na pikseli 1,200. Picha ya pikseli 4,000 kwa 3,000 ikipunguzwa namna hiyo hubaki na pikseli 1,200 kwa 900, ambazo ni 1,080,000. Yaani imepungua mara kumi na moja. Uwiano wa upana na kimo usibadilishwe, la sivyo watoto wataonekana wembamba au wanene kuliko walivyo. Hapa hapa tuliondoe kosa moja la kawaida. Wako wanaoamini kwamba picha ya tovuti lazima iwe na “nukta 72 kwa inchi”. Kipimo hicho ni cha uchapaji. Hueleza jinsi picha itakavyotawanywa juu ya karatasi, na ukibadilisha namba hiyo peke yake faili halipungui hata kidogo. Katika tovuti kinachohesabika ni idadi ya pikseli. Kwa upande mwingine, ukitaka kuichapa picha ile ya pikseli 1,200 kwa nukta 300 kwa inchi, upana wake utakuwa inchi 4 tu. Ndiyo maana tumesema picha asilia itunzwe.

Hatua ya tano ni kurekebisha mwanga. Madarasa yetu mengi yana madirisha yenye jua kali nje na giza ndani, na nyuso za watoto hutoka nyeusi pasipo kuonekana macho. Ongeza mwanga wa sehemu zenye giza kwa kiasi. Usibadilishe rangi ya ngozi ya mtoto, wala usizidishe rangi za sare hata zikawa si zake. Kusudi letu ni kuyaonyesha yaliyokuwapo.

Hatua ya sita ni kuchagua aina ya faili na kiasi cha kubana. Aina mbili zinatosha kwa kuanzia. Ya kwanza ni JPEG, ambayo kanuni zake zilikubaliwa mwaka 1992. Msingi wake ni hesabu iliyochapishwa mwaka 1974 na Nasir Ahmed pamoja na wenzake T. Natarajan na K. R. Rao. JPEG huigawa picha katika miraba ya pikseli 8 kwa 8, kisha hutupa mambo madogo madogo ambayo jicho la binadamu halitambui kwa urahisi, hasa mabadiliko membamba ya rangi. Kwa hiyo inafaa kwa picha za watu, miti na madarasa. Ya pili ni PNG, iliyotolewa mwaka 1996. Hii haitupi kitu chochote. Hufupisha tu maelezo. Inafaa kwa michoro, ramani, na chati zenye maandishi. Ukiihifadhi chati ya maandishi kwa JPEG iliyobanwa sana, utaona ukungu kandokando ya herufi. Na ukiihifadhi picha ya darasa kwa PNG, utapata faili kubwa pasipo faida.

Programu itakuuliza kiwango cha ubora wa JPEG, kwa kawaida kutoka 0 hadi 100. Kiwango cha 75 kinatosha kwa picha nyingi. Lengo letu ni faili lisilozidi kilobaiti 200. Kumbuka kwamba kila unapofungua JPEG, ukaibadili na kuihifadhi tena, kitu fulani hupotea; basi fanya marekebisho yote kwanza, kisha hifadhi mara moja. Ukikosea, rudi kwenye picha asilia.

Hatua ya saba ni kuondoa taarifa zilizofichika. Hii tutaieleza peke yake hapo chini, kwa kuwa ina uzito wake.

Hatua ya nane ni kulipa faili jina na kuiandikia picha maelezo. Jina kama “IMG_20240312_0047” halimwambii mtu kitu. Andika kwa herufi ndogo, bila nafasi, kwa mfano “darasa-la-tatu-kupima-meza.jpg”. Kompyuta nyingi zinazohifadhi tovuti huzitofautisha herufi kubwa na ndogo. Ukiandika “Meza” mahali pamoja na “meza” mahali pengine, picha haitaonekana. Zaidi ya hayo, andika maelezo mbadala, yaani sentensi fupi inayowekwa nyuma ya picha kwa ajili ya mtu asiyeona, ambaye kompyuta au simu humsomea ukurasa kwa sauti. Usiandike “picha ya wanafunzi”. Andika, “Wanafunzi wawili wanapima urefu wa meza kwa rula ya mbao; mmoja anaandika jibu.” Sentensi hiyo humsaidia pia mzazi ambaye mtandao wake ni dhaifu hata picha isifunguke.

Hatua ya tisa ni kujaribu. Usiutazame ukurasa kwa kompyuta ya ofisini peke yake. Azima simu ya bei ndogo, toka nje ya jengo, ufungue ukurasa kwa kifurushi cha kawaida, na uhesabu sekunde. Mwalimu mkuu yule wa kijijini ndiye kipimo chetu.

Taarifa zilizofichika na haki ya mtoto

Ndani ya faili la picha mna zaidi ya picha. Kamera huandika humo tarehe na saa, aina ya kamera, na namna lenzi ilivyowekwa. Utaratibu huu huitwa Exif, nao ulianzishwa mwaka 1995 huko Japani. Katika simu, kama huduma ya mahali imewashwa, huandikwa pia latitudo na longitudo ya pale picha ilipopigwa. Mtu akilipata faili hilo anaweza kuziingiza namba hizo katika ramani na kuonyeshwa mahali penyewe, pengine kwa tofauti ya mita chache tu. Picha iliyopigwa shuleni itamwonyesha shule. Iliyopigwa wakati wa kumtembelea mwanafunzi mgonjwa itamwonyesha nyumba yake.

Tovuti nyingine huzifuta taarifa hizi zenyewe, nyingine huziacha. Mwalimu asibahatishe. Katika GIMP, unapoihamisha picha kuwa JPEG, kipo kisanduku cha kuhifadhi Exif. Ondoa alama iliyomo. Katika simu, zima huduma ya mahali kwenye kamera kabla ya kuanza kazi. Ijulikane pia kwamba picha inayotumwa kwa WhatsApp kama waraka, badala ya kama picha, hufika na taarifa zake zote.

Iko pia siri isiyofichika, nayo ni ile iliyomo katika picha yenyewe: jina juu ya daftari, namba ya mtihani ubaoni, orodha ya mahudhurio ukutani, nembo ya shule juu ya sweta. Mashine haitakuondolea hizo. Lazima uzitafute kwa macho yako mwenyewe, kona baada ya kona, kama unavyosahihisha insha.

Sheria nayo imesema. Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo inazihesabu taarifa zinazohusu watoto kuwa miongoni mwa taarifa nyeti. Nchini Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inadai idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kuzishughulikia taarifa za mtoto. Mwezi Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ya nchi hiyo iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 za Kenya kwa sababu ya kuchapisha picha za wanafunzi wadogo pasipo idhini ya wazazi wao. Lakini hatupendi mwalimu mwanafunzi aongozwe na hofu ya faini. Mama yule aliyefika chuoni hakuitaja sheria. Alikitaja kitu kikubwa zaidi, yaani haki ya mwanawe ya kuonekana kama ambavyo mama yake angependa aonekane.

Kwa hiyo, idhini isiombwe kwa kupitisha karatasi tu. Mwonyeshe mzazi picha yenyewe iliyokwisha kuandaliwa, na umweleze itawekwa wapi na kwa muda gani. Akikataa, asiulizwe sababu, na mtoto wake asitengwe na wenzake wakati wa kupiga picha. Chagua tu picha nyingine.

Kulifundisha somo hili darasani

Mwanachuo anaweza kuuliza, “Nitalifundishaje somo hili katika shule isiyo na kompyuta hata moja?” Twajibu kwamba sehemu iliyo kubwa haihitaji umeme. Tunapendekeza vipindi viwili vya dakika 40 kwa Darasa la Tano au la Sita.

Shabaha ya somo: mwisho wa vipindi hivi mwanafunzi aweze kueleza kwamba picha ya kidijitali ni mpangilio wa namba, aweze kuifupisha namba hiyo, na aweze kutaja hasara ya kupunguza picha kupita kiasi.

Zana: karatasi za daftari la hesabu zenye miraba, penseli, na mkeka wenye mapambo.

Kipindi cha kwanza. Tandika mkeka ukutani. Waulize wanafunzi wanaona nini kwa mbali, kisha wasogee mmoja mmoja waeleze wanachokiona kwa karibu. Halafu kila mwanafunzi achore kisanduku chenye miraba 8 kwa 8, na mwalimu achore ubaoni herufi L kwa kuijaza miraba: katika safu ya pili kutoka kushoto, ajaze mraba mmoja katika kila mstari kuanzia wa pili hadi wa saba, kisha katika mstari wa saba ajaze kuanzia safu ya pili hadi ya sita. Wanafunzi waketi wawili wawili, wakipeana migongo. Mmoja asome mraba baada ya mraba, “nyeupe, nyeupe, nyeusi…”, na mwenzake achore. Maneno yatakuwa 64. Watachoka, na huko kuchoka ndiko tunakokutaka. Sasa waulize, “Nani anaweza kuusema mstari wa kwanza kwa ufupi?” Haitachukua muda mmoja wao atasema, “Nyeupe nane.” Mstari wa pili utakuwa, “nyeupe moja, nyeusi moja, nyeupe sita.” Wakimaliza hivyo, herufi nzima imesemwa kwa mafungu 20 badala ya maneno 64, na hakuna mraba uliopotea. Waambie kwamba huko ndiko kubana pasipo kupoteza.

Kipindi cha pili. Waeleze kwamba sasa tutaipunguza picha. Kila mraba minne inayopakana, miwili juu na miwili chini, iwe mraba mmoja katika kisanduku kipya cha 4 kwa 4. Kanuni ni hii: kama miwili au zaidi kati ya minne ni myeusi, mraba mpya uwe mweusi, kama sivyo, uwe mweupe. Wakimaliza, wataona kwamba idadi ya miraba imekuwa 16, lakini herufi L imevunjika, kona yake ya chini haipo. Usiwaeleze sababu upesi. Waache wahesabu wenyewe mpaka wagundue kwamba katika kona ile kulikuwa na mraba mweusi mmoja tu kati ya minne. Kisha uliza, “Tukiwa na kisanduku hiki kidogo peke yake, tunaweza kuirudisha L ya kwanza?” Hawataweza. Hapo ndipo wataelewa wenyewe kwa nini fundi mwangalifu huitunza picha asilia, na kwa nini hupunguza kwa kiasi cha haja tu.

Malizia kwa dakika kumi za mazungumzo. Waulize watoto ni picha gani ya kwao wangependa watu wasiowajua waione, na ni ipi wasiyopenda. Wasikilize. Mwalimu akishindwa kuyasikia majibu hayo, hatakuwa ameelewa somo lake mwenyewe.

Hitimisho

Tumeona kwamba picha ni namba nyingi, kwamba namba hizo zina uzito, na kwamba uzito huo hulipwa na mtu. Tumeona pia kwamba nyuma ya namba hizo yupo mtoto, naye ana jina, ana nyumba, ana mama. Picha ya kwanza iliyoingizwa katika kompyuta ilikuwa ya mtoto, na aliyeiingiza alikuwa baba yake. Sisi walimu tunapiga picha za watoto wa watu wengine. Kwa hiyo uangalifu wetu hauna budi kuwa mkubwa zaidi.

Mazoezi ya kujipima

1. Picha ina pikseli 3,000 kwa 2,000. Ukiipunguza upande mrefu uwe pikseli 1,200, upande mfupi utakuwa na pikseli ngapi? Idadi ya pikseli zote imepungua mara ngapi?

2. Ukurasa una picha 8 zenye kilobaiti 175 kila moja. Katika mtandao unaopitisha biti milioni moja kwa sekunde, zitachukua sekunde ngapi hivi?

3. Chagua aina ya faili, JPEG au PNG, kwa kila kimoja: chati ya vokali, picha ya bustani ya shule, ramani ya wilaya iliyochorwa na wanafunzi. Eleza sababu.

4. Tafuta picha moja ya darasani katika simu yako. Taja vitu vyote ndani yake vinavyoweza kumtambulisha mtoto. Ikate mpaka visiwepo, kisha uandike maelezo mbadala yake kwa sentensi moja.

5. Jadilini katika vikundi: mzazi mmoja kati ya thelathini amekataa mtoto wake asionekane. Mtaipangaje siku ya kupiga picha ili mtoto huyo asijione mpweke?